Kasuku wa Kifua Chekundu

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Mulekera, mjini Beni, tulikuwa na kasuku ambaye wageni walidhani amejeruhiwa. Kasuku wa misitu yetu ni wa kijivu, na wekundu wao uko mkiani tu. Wetu alikuwa mwekundu kifua kizima, na kichwani alikuwa na kipara kama cha katekista wetu. Baba alikuwa mpasua mbao, akamwokota akiwa kinda kwenye mti aliouangusha. Koko, mama mzaa baba, alituonya mapema.

"Ndege ya vile hapana ya kunyanganya," alisema. "Anapewaka na mikono mbili. Mwenye kumukamata na nguvu, atamusumbua mpaka kufa."

Kisha vita vikafika. Wanajeshi wakamchukua Baba awabebee masanduku ya risasi, wakarudi bila yeye. Sauti yake ikabaki kwa kasuku. Kila asubuhi aliniita vilevile kama Baba: "Masika, lamuka! Jua imetoka!" Mama alilia kila alipoisikia. Mimi niliamka.

Komanda aliyempeleka Baba alipata habari za ndege huyo, akaja kumtaka. Kumbe naye alikuwa amelelewa na koko yake, na imani ile aliijua.

"Mutoto, nipatie yeye na mikono mbili."

Nilimchukia mtu yule hadi meno yakaniuma. Nikaficha mikono mgongoni. Akanizaba kofi, akanyakua mwenyewe tundu la kasuku, akaenda zake. Koko alinifuta damu mdomoni.

Wiki tatu hazikuisha. Tukasikia kwamba askari waliomwacha Baba porini wameitambua ile sauti, na sasa wanatoroka kambini mmoja mmoja. Komanda akarudi mchana kweupe, amekonda, macho yamemvimba, tundu mkononi.

"Koko, pardon. Mukamate ndege yenu. Silalaka tena."

"Ndege ni ya Masika," Koko akajibu. "Aseme yeye."

Kasuku aliponiona tu, akaita: "Masika, lamuka!" Alikuwa Baba kabisa, hadi ule mkwaruzo wa vumbi la mbao kooni. Mwili wote ulitaka kumpokea. Lakini nilijua nikimpokea, mtu yule atalala.

"Leta kwanza Baba," nikasema. Mikono ilikuwa mgongoni.

Komanda akamnyonga ndege palepale mlangoni petu. Mwezi haukuisha naye akafa. Wengine walisema homa, wengine walisema watu wake mwenyewe. Mimi nilicheka kwa sauti, na Koko hakunikanya.

Sasa nauza vitenge Kimemi, Butembo. Kwa padri naungama kila kitu isipokuwa hilo la komanda, maana sijalijutia. Ila kuna asubuhi najilaza macho wazi, najaribu kumsikia Baba akiniamsha. Maneno yake ninayo. Sauti imenitoka, na niliyeikataa ni mimi. Hata hivyo, komanda yule angesimama tena mlangoni na tundu lile, nadhani mikono yangu ingebaki mgongoni.