Mkaa wa Mama Noela

Zipora wa Nyasubi, Mama Noela kwa watu wa sokoni, hakuamini kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Mumewe aliporudi kutoka machimbo ya Rwamgasa alimkagua kwanza, salamu baadaye. Na tangu wifi yake afe kwa ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, hakutaka mwanawe achomwe sindano ya hospitali. Malaria ilipomwangusha Noela, alinunua bomba jipya la sindano dukani kwa Hasnain, akalifunga kwenye pindo la khanga.

Asubuhi ile wodi aliyolazwa Noela ilinukia dawa ya sakafu. Mashuka meupe yalikuwa yametandikwa, na wagonjwa waliolala wawili wawili wametenganishwa. Zipora alijua kuna jambo.

"Wakaguzi wa huduma wanakuja kutoka mkoani," alisema muuguzi Gregory. "Mabomba ya dukani yote nipeni, wasione mnajinunulia wenyewe. Leo tunatumia ya hospitali."

Aliyakusanya, la Zipora likiwamo, akayafungia stoo. Kisha akarudi na kwinini ya Noela ndani ya bomba jingine.

"Hilo limechemshwa?" Zipora aliuliza.

"Limechemshwa, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kwa moto gani? Jana jioni uliniomba mkaa, ukasema mafuta ya taa ya kuchemshia yamekwisha. Sikukupa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Gregory akamwinamia Zipora sikioni. "Mtoto anaungua na homa. Bishana tu, ikimpanda kichwani usinilaumu."

Hilo lilimchoma. Noela alikuwa anatetemeka. Zipora akaweka kiganja juu ya paja la mwanawe, pale pa kuchomwa sindano, hakukiondoa.

Wakaguzi wakaingia. Mama mmoja mwenye miwani akasimama mbele yake. "Habari, mama. Mnahudumiwa vizuri?"

Nyuma yake Gregory alikuwa anatabasamu. Huyu mama ataondoka leo, Zipora aliwaza, Gregory atabaki na mwanangu.

"Vizuri," alijibu. "Ila bomba hilo sijaliona likichemka."

Yule mama akamtazama Gregory. "Kalichemshe mbele yake," alimwambia.

Sufuria yenye bomba ilibandikwa nyuma ya wodi, wanakopikia wanaouguza wagonjwa, juu ya jiko la Zipora lenye mkaa wake. Gregory alichochea moto. Mvuke ulipoanza kupanda alisema, "Umeridhika?"

"Bado. Acha maji yatokote."

Wakaguzi walikwisha kwenda wodi nyingine. Zipora alibaki amechuchumaa, hakuyaondoa macho kwenye sufuria, wala kwenye mikono ya Gregory.