Meya wa Lillevig Hukohoa Mara Mbili

Nilisikia kikohozi kwanza, mara mbili, kikavu, nje ya mlango wa ukumbi wa parokia, kabla sijaona kofia wala fimbo, na nikajua nimekwisha, maana kikohozi hicho hicho kilikuwa kwenye ukurasa nilioushika mkononi (naisimulia aibu hii kwa sababu nusu ya Bunia wanaijua, afadhali muisikie kwangu).

Siku hiyo kikundi chetu cha waandishi kilinipa nafasi ya kusoma riwaya yangu ya Lillevig, mji mdogo wa Denmark wenye mapaa mekundu na bahari ya kijivu, mji ambao sijaufikia (hata jina lake nimelitunga mwenyewe), na kwa kuwa simjui Mdenishi hata mmoja, nilichukua watu mashuhuri wa mtaa wetu wa Lumumba nikawavalisha makoti ya sufu na majina ya kule. Nani angewatambua ndani ya theluji? Kwa kiburi hicho nikamwalika muzee Ukelo, baba yake Furaha, aliyetaka kujua kijana anayemtaka binti yake anafanya kazi gani, kabla hajakubali kuwapokea wazee wangu.

Muzee akaketi mbele. Nikasoma, ningefanya nini, juu ya Bi Ingrid wa posta anayejua siri zote kwa kuchungulia juu ya ua, na mama Zawadi muuza mikate akaacha kutafuna. Nikafika kwa meya Jensen, ambaye kila Jumamosi huosha motokari isiyo na injini mbele ya nyumba yake, na ambaye hukohoa mara mbili kila anapotaka kusema uongo. Watu wakaangua kicheko.

"Weye," mama Zawadi akaniita, "ile motokari ya meya, kuku zinatagia ndani yake, sawa ya huku kwetu?"

"Kule iko baridi mingi, mama. Kuku hazitoke inje."

"Basi ndiyo zinalala mu motokari."

Furaha akafunika uso kwa kitenge. Muzee peke yake hakucheka. Alisimama polepole, akanyoosha koti lake, nami nikaapa moyoni kwamba kitabu changu kijacho kitakuwa cha samaki watupu.

"Muzee," nikasema, "uko na kasirani?"

Akakohoa. Akakohoa tena.

"Hapana, mutoto yangu. Wazee yako wakuje tu."

Mlango ukafungwa nyuma yake.