Mvua ya Kuoshea Paa

Nilipojenga Goba nilitaka nyumba isiyotegemea mtu. Huku kilimani bomba hukauka wiki nzima, na mabonde yakijaa maji, boza la kuuza maji haliwezi kupanda. Nikasimamisha tangi kubwa, nikazungusha gata paa zima, nikaweka stoo unga, maharage na magunia ya mkaa. Nilimshukuru Mungu, nikajiona nimejiandaa.

Mwaka juzi bomba lilikauka kabla ya vuli. Binti yangu alikuwa kwetu na mtoto wa siku sita, mwenyewe ana kidonda cha upasuaji wa kujifungua. Nesi alisisitiza kisafishwe kila siku. Niligonga tangi kwa kidole. Lililia tupu mpaka karibu na koki.

Alasiri moja mvua ikaja. Mke wangu akatoka mbio na ndoo.

"Maalimu, rudisha paipu kwenye tangi."

Nilikuwa nimeielekeza pembeni, kama kila msimu, ili mvua ya kwanza ioshe paa. Kunguru wa mtaa mzima hulala juu ya bati letu, nami sikutaka uchafu wao kwenye maji ya udhu.

"Hii ya kuoshea," nikamwambia. "Tutakinga ya pili."

"Hiyo ya pili mmeahidiana?"

Maji yakateremka bondeni, mvua ikakatika. Yeye aliokoa ndoo mbili.

Likafuata jua la siku nane. Mwenye boza alisema foleni ni ndefu, nisubiri. Siku ya tano tuliliinamisha tangi kupata yaliyobaki chini ya koki. Siku ya saba ikabaki ndoo moja, imefunikwa chumbani kwa binti. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikapiga viganja mchangani, nikatayamamu badala ya udhu. Hukumu hiyo nimeifundisha miaka mingi; sikuwahi kuihitaji.

Siku ya nane wingu likapanda. Niliegemeza ngazi na kugeuza paipu kabla ya tone la kwanza. Mke wangu alinishikia ngazi.

"Na kunguru, Maalimu?"

"Tutachemsha. Mkaa tunao."

Maji ya mwanzo yalikuwa ya kahawia. Nilibaki juu ya ngazi, nimelowa, nikiyasikiliza yakigonga sakafu ya tangi, nikiogopa kwamba nikishuka yatakoma. Hayakukoma mpaka Magharibi.

Alipomaliza kumsafisha binti, mke wangu aliniletea kopo la maji ya uvuguvugu.

"Chukua udhu," akasema. "Kunguru wamekusamehe."