Kitambaa Cheupe na Miguu ya Ndege

Ndege ikipita juu ya kwetu Rau, huwa sitazami mabawa. Natazama tumboni, nione kama miguu imetoka. Wajukuu wangu hunicheka. "Babu, ile iko juu sana, inakwenda zake Nairobi, itoe miguu ya nini?" Nawaambia wanyamaze. Nimechoka kueleza, maana nikieleza vizuri lazima nifike mahali nisipopenda kufika. Leo nitafika, basi, yaishe.

Nilikuwa mtunza uwanja mdogo wa ndege, chini ya mji wa Moshi, miaka ile ya Azimio na vijiji vya ujamaa. Usidhani ilikuwa kazi ya kuvaa tai. Nilifyeka nyasi, nilifukuza mbuzi, nilishona soksi ya upepo, ule mfuko wa kuonyesha upepo unakovuma, ilipochanika, na nilijaza mchanga kwenye ndoo za kuzimia moto. Nyasi nilizofyeka nilizifunga mzigo, nikazipakia kwenye baiskeli, nikampelekea ng'ombe wangu nyumbani. Ng'ombe wa bandani hajui Jumapili wala Krismasi. Usipomletea majani anakupigia kelele mpaka majirani wakuone mwanamume mzembe.

Ndege zilizotua pale zilikuwa chache, na iliyokuja mara nyingi ilikuwa moja ya injini moja, ya kubeba waganga na dawa kwenda vijiji ambavyo barabara zao zilikuwa jina tu. Ndege hiyo ilikunja miguu yake ikiwa hewani ili iende kasi. Rubani alipotaka kutua alishusha kishikio, na magurudumu matatu yakatoka. Akisahau kishikio, ndege inakaa chini kwa tumbo. Hatari yenyewe ni hiyo tu, haihitaji shule kuielewa.

Rubani wake alikuwa mtu wa makamo yangu, mzaliwa wa Kibosho, kijiji kimoja na mke wangu, kwa hiyo tuliitana shemeji. Alikuwa wa kwanza kwao kurusha ndege. Mama yake alikuwa akisikia mlio unapita juu ya migomba, anatoka mbio na kanga mkononi kumpungia mwanawe, hata kama ndege ni ya mtu mwingine. Na jamaa huyo alipenda kuruka, Mungu wangu! Wengine hupenda pombe ya mbege, yeye alipenda hewa. Aliniambia siku moja, "Shemeji, wakininyima hii, wanizike tu." Alikuwa anacheka alipokuwa akisema, lakini mimi nilimwamini.

Mara ya kwanza aliposahau miguu, aliponea chupuchupu. Alikuwa amekwisha itoa, anakuja vizuri, ghafla akaona ng'ombe katikati ya uwanja. Akapaa tena, akaikunja, akazunguka. Mimi nikafukuza ng'ombe huku natukana. Aliporudi nilitazama juu nikaona tumbo jeupe, laini kama yai, hakuna mguu hata mmoja. Kichwani mwake alikuwa amekwisha itoa, unaona? Kazi umekwisha ifanya mara moja, akili inakuambia imefanyika. Nilivua shati nikakimbilia katikati ya uwanja, nalipunga kama mwendawazimu. Akapaa. Alipotua baadaye, miguu ikiwa nje, alikaa chini ya bawa.

"Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," akasema.

Ndipo tukapanga utaratibu wetu. Haukuwa kwenye kitabu chochote cha serikali. Angepita kwanza chini chini juu ya uwanja, mimi nihesabu magurudumu: moja, mbili, tatu. Yakitimia, ninyooshe juu kitambaa cheupe. Yasipotimia, chekundu. Bila cheupe hatui. Mke wangu alikata kipande cha shuka, akakipiga pindo, na chekundu tukakitoa kwenye kanga yake kuukuu. Alilalamika kwamba serikali ina ndege lakini haina kitambaa.

Utaratibu ulitusaidia, sikatai. Hasa ilipofika miaka ya foleni, ambapo sabuni ilikuwa haionekani, sembuse vipuri. Ndani ya ndege mlikuwa na taa tatu za kijani, kila gurudumu na taa yake, zikiwaka maana yake miguu imekaza. Balbu moja ikaungua. Balbu mpya haikupatikana Moshi, haikupatikana Dar es Salaam. Rubani akawa anachomoa balbu ya shimo hili kuitia shimo lile, hapohapo hewani, kuhakikisha gurudumu la tatu. Baadaye akachoka, akazoea kuona taa mbili. Kulikuwa pia na honi, ya kulia pale injini inapopunguzwa na miguu bado iko ndani. Lakini ukiwa unatelemka kutoka upande wa mlimani unapunguza injini mapema, kwa hiyo honi ililia njia nzima, kila safari, bila kosa lolote. Aliniambia siku hizi haisikii, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga.

Basi kilichobaki ni macho yangu. Na macho yangu nayo, ole wangu, yakazoea.

Nitakuambia yalivyozoea. Huku kwetu mdogo akikuambia shikamoo, marahaba inatoka mdomoni kabla hujageuza kichwa. Ndivyo kitambaa kilivyogeuka kuwa. Nikisikia mlio, mkono unakwenda juu. Alikuwa akitikisa bawa kunijibu, nami nafurahi. Tulikuwa tunasalimiana. Siku nyingi nilihesabu magurudumu, na siku nyingine mkono ulitangulia, hesabu ikafuata. Mazoea yana taabu, wazee walisema, na sisi tulilisema neno hilo kila siku bila kulisikia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limetoka, mlima uko wazi mpaka theluji. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri na sukari yenyewe nimeikosa. Miguu inauma, nina hasira na kila mtu. Ndege ikaja, ikapita chini. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Naapa nilihesabu. Nikanyoosha cheupe. Akazunguka aje atue, na hapo mbuzi wakakatiza, wale wale mbuzi wa siku zote. Akapaa tena, miguu akaikunja kama siku ile. Nikawafukuza, nikarudi kwenye mzigo wangu wa nyasi uliokuwa umefunguka, nikainama kuukaza kamba. Mlio ukaja juu ya kichwa changu mara ya pili. Mtu uliyekwisha msalimu asubuhi humsalimu tena? Nilikuwa nimekwisha mtazama. Nikanyoosha kitambaa huku nimeinama, mkono mmoja juu, mwingine kwenye kamba.

Nilichosikia baadaye kilikuwa sauti ya bati linaloburutwa kwenye mawe, ndefu, ikakatika. Halafu kimya.

Nilikimbia na ndoo ya mchanga. Hakukuwa na moto. Muuguzi aliyekuwa abiria alitoka mzima, amekumbatia sanduku la chanjo, anasali kwa sauti. Rubani alitoka wa mwisho. Alitazama ncha za pangaboi la mbele zilivyojikunja, akatazama tumbo lililolala kwenye vumbi, kisha akanitazama mimi. Kitambaa cheupe kilikuwa bado mkononi mwangu. Alikichukua, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwake.

"Nenda kawafukuze mbuzi, shemeji," akasema.

Wakaja maofisa wawili kuchunguza, wamevaa suti za Kaunda, wapole. Waliniuliza kama kuna ishara yoyote tuliyokuwa tukipeana. Nilijua kinachoulizwa. Nikisema ndiyo, ningeeleza kwamba rubani alipita na kuangaliwa, kwamba alionyeshwa cheupe, kwamba hakuwa mtu wa kutua kiholela. Ingemsaidia, pengine wangemwachia leseni yake. Na mimi ningefukuzwa siku hiyohiyo. Nilikuwa na watoto watano, wa mwisho ananyonya. Nikasema, "Hapana, wazee. Mimi ni mkata nyasi tu."

Naye, walipomuuliza, alisema alisahau. Basi. Hakunitaja. Wakamnyang'anya leseni, akapanda Kibosho kwenye migomba na kahawa ya baba yake, na hakuruka tena. Mimi nilibaki na kazi yangu. Nilibaki nikikata nyasi zile zile, na nikiona alama ya mchubuko pale uwanjani nilikuwa nazungukia mbali.

Miaka saba sikupanda ukweni. Krismasi ikifika nina homa. Msiba ukitokea nina zamu. Mke wangu alikuwa akipeleka ndizi soko la Kiboriloni, huko anakutana na watu wa kwao, wanamuuliza mume wako tumemkosea nini. Siku moja alirudi, akatua tenga, akasimama mbele yangu.

"Wewe baba, una nini na watu wa kwetu?"

Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Kile kitambaa nilikipiga pindo mimi." Halafu akatoka hadi kwenye mpaka wa shamba, akakata jani la isale, akanipa. Kila Mchagga anajua maana yake. Ukimpelekea mtu isale unaomba msamaha, na kwa mila yeye hana ruhusa ya kukukatalia.

Nilipanda kwa miguu, barabara yenyewe mawe matupu na matope, jani mkononi, watu wa njiani wakiliona wananipisha bila kuniuliza kitu. Nilipofika langoni alikuwa amenipa mgongo, anamkatia ng'ombe migomba. Nikanyoosha isale juu, nikakohoa.

Akageuka. Alilitazama jani, akanitazama mimi.

"Safari hii umetazama kwanza," akaniuliza, "au umenyoosha tu?"

Nikamtazama, kwa kuwa ndilo aliloniuliza. Alikuwa amezeeka kuliko mimi. Alivaa lile shati lake jeupe la urubani, limegeuka rangi ya utomvu wa migomba, mabegani bado lina vile vitanzi vya kupitishia cheo, vitupu. Panga la kukatia migomba lilikuwa mkononi. Nyuma yake, mlangoni, mama yake amekaa kwenye kigoda, kanga mapajani, hana wa kumpungia.

"Nimetazama," nikasema. "Nilikunyooshea cheupe bila kutazama. Halafu nikawaambia hakuna kitambaa."

"Kishikio kilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Miguu niliisahau mimi, hilo sikukudai hata siku moja. Na maofisa sikutaka uwaambie, watoto wako wangekula nini?" Akaliegesha panga kwenye mgomba, taratibu. "Lakini kutoka Rau mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Nilijua utapanda wiki ile. Nikasema labda mwezi ujao. Miaka saba, shemeji! Ulikuwa unazunguka wapi?"

Nililia pale langoni, mtu mzima, jani bado nimelinyoosha, mpaka alipokuja akalichukua.