Kichwa Kisiguswe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu analijua hilo, na hata mbwa wanaoletwa kliniki kwetu Muthangari wanalijua, kwa maana wengine nikiingia tu chumbani hulala chini wenyewe. Kazi yangu ni kupiga eksirei. Daktari hupima, hudunga, hupasua. Mimi humlaza mnyama mezani nikampiga picha kionekane kilichovunjika au kilichomezwa. Watu huniita daktari vilevile, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshagombana mara mbili. Kwanza na mashine, iliyogoma kuwaka, kisha na dada wa mapokezi, aliyenipangia kazi kana kwamba nina mikono minane. Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Kinoo, mshonaji wa sare za shule, mwenye lafudhi ya kwetu magharibi. Alikuwa amembeba mbwa wake kwenye leso, mbwa wa kawaida tu, mdogo, wa rangi ya udongo. Mdomo wa mbwa ulikuwa wazi. Mate yalimtiririka hadi leso ikalowa.

"Ako na shida gani?" nikauliza.

"Hawezi funga mdomo, daktari. Hii ni siku ya tatu. Chakula hakuli, hata maji inamshinda. Nilijaribu kuingiza mkono nione kama kuna kitu, akaniuma."

Akanionyesha mkono. Alikuwa ameufunga kwa kitambaa cha bluu, masalio ya sketi ya mwanafunzi fulani.

Nilichopaswa kufanya nakijua, nimefundishwa. Unasema, "Mama, njoo huku ndani," unafunga mlango, unamwita daktari kwa sauti ya chini. Mimi niliona yale mate na ule mkono, hofu ikanipanda, na kwangu hofu haikai dakika moja kabla haijageuka hasira.

"Unaleta mbwa ya kichaa hapa kwa watu?" nilifoka. "Kichaa! Toa hiyo kitu hapa!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa amepakata kikapu cha paka aliruka, akakimbilia mlango na kuuacha wazi. Dada wa mapokezi akapanda juu ya kiti. Katika kusukumana leso ikafunguka, mbwa akaanguka sakafuni, akatoka mbio. Nje, bawabu alikuwa amefungulia gari geti. Mbwa akapita, nami nyuma yake.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mjengo, ghorofa iliyokuwa ikiinuliwa, na neno langu lilikuwa limefika kabla ya mbwa. "Kichaa! Kichaa!" Huku kwetu neno hilo halina tofauti na "mwizi". Likishatamkwa, hakuna anayeuliza limetoka kwa nani. Kila mtu anatafuta jiwe. Vijana wa mjengo walishuka na mbao na vipande vya nondo. Watu wa bodaboda wakaziba barabara kwa pikipiki. Jiwe la kwanza lilimpata mguu wa nyuma, nikausikia ukivunjika. Mifupa iliyovunjika naiona kila siku ya kazi, lakini sikuwa nimewahi kuisikia.

"Msimuue!" nilipiga kelele. "Tunamtaka akiwa hai!"

Na kweli tulimtaka hai. Mbwa aliyeuma mtu hufungiwa akaangaliwa siku kumi. Akiwa mzima siku zote hizo, aliyeumwa anapumua. Akifa, kinachobaki ni kumpima ubongo, na ubongo uko kichwani, na watu wetu wakimpiga mbwa au nyoka hupiga wapi? Kichwa. Wanakiponda mpaka hakuna cha kupeleka maabara. Huyo mama angekaa na mashaka maisha yake yote.

Kijana mmoja alinigeukia. "Kumbe unatetea mbwa?" Akanichapa nondo ya bega. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi, lakini mdomo ulibaki na kazi.

"Kichwa kisiguswe!" nikalia. "Ameuma mtu! Lazima tupime kichwa!"

Hapo wakatulia. Jambo la kupima walilielewa. Mbwa alikuwa amejibana kwenye kokoto, mdomo wazi bado, akijaribu kusimama kwa miguu mitatu. Msimamizi wao, mtu mzima mwenye kofia ya manjano, aliniuliza kwa adabu kabisa, kama fundi anayeuliza dirisha likae wapi:

"Sasa daktari, tupige wapi?"

Ningeweza kusema leteni gunia. Ningeweza kusema nipeni leso ile nimfunike. Yalinijia yote baadaye, nikiwa nyumbani, nikioga.

"Mbavu," nikasema.

Mbwa akipigwa kichwani anakufa. Mbavuni ni habari nyingine. Walipiga kwa mbao, kwa zamu, kwa uangalifu, kwa sababu daktari amesema. Alilia kwanza kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo iliyokataa kuisha. Mimi nilisimama pale nikisimamia kazi. Mara mbili nilimsukuma mtu aliyelenga vibaya. Damu ilipoanza kutoka puani nilijiambia sasa basi, na bado akapumua. Niliona haya, nasema wazi. Niliona haya na sikuwazuia.

Wakati huo daktari alikuwa ndani na yule mama, wameufunga mlango, anamwosha mkono kwa sabuni kwenye mfereji, kama inavyotakiwa. Alimwandikia barua akaanze sindano siku hiyohiyo, akamtafutia gari.

Alipokata roho, nilimrudisha mbwa kliniki kwenye karatasi ya nailoni. Nilivaa glavu mbili mbili, aproni na miwani, nikachukua kisu nikitoe kichwa.

"Ngoja," daktari akasema. "Kabla hujakata, mpige picha."

Mashine, ambayo asubuhi ilikuwa imenigomea, iliwaka mara ya kwanza. Kwa haraka sikuubana mwanga uangukie kichwa tu, picha ikachukua kichwa na kifua chote. Tukatazama. Juu, kutoka gego la kushoto hadi gego la kulia, ulilala mfupa. Ulikuwa umekwama kwenye kaakaa kama kijiti kwenye mdomo wa chupa. Ndio maana mdomo haukufungika, ndio maana ya mate. Daktari angemlaza usingizi, angeuvuta kwa koleo, na mama angerudi Kinoo kabla ya chai ya saa nne.

"Kichwa kitaenda tu," daktari akasema, bila kunitazama. "Mfupa haumaanishi hana kichaa."

Nilikata mwenyewe, nikakataa kusaidiwa. Shingo ya mbwa mdogo ina kazi kuliko unavyodhani. Nikakitia kichwa kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ndani ya boksi la barafu, nikakipeleka Kabete kwenye maabara ya serikali.

Majibu yalipotoka, hakuwa na kichaa. Daktari alitaka kumpigia mama simu. Nikasema nitaenda mimi.

Alikuwa kwenye cherehani. Aliposikia majibu aliondoa mguu kwenye pedali, akasema Mungu ni mwema, akafuta macho kwa kanda ya kupimia. Halafu akauliza mbona basi mdomo haukufungika, na mimi nikatoa picha. Aliiinua dirishani.

"Huu mfupa nilimpa mimi," akasema. "Jumapili."

Nilifarijika, na sijajisamehe hilo. Kwa pumzi moja nzima nilifurahi kwamba kuna mwingine wa kulaumiwa. Lakini mshonaji haachi kitambaa kabla hajafika mwisho wake. Kidole chake kilishuka.

"Na hizi?"

"Mbavu."

"Zimevunjika zote?"

"Karibu zote, mama."

Akarudi juu, akakitazama kichwa kizima, kisicho na hata ufa. "Watu hupiga kichwa," akasema. "Kwa nini hawakupiga kichwa?"

"Niliwakataza. Ili tuweze kupima."

"Ukawaambia wapige wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia.

"Nilimsikia akilia," akasema. "Kitambo kirefu. Daktari aliniambia ni mbwa wa jirani."

Akasimama, akanizaba kofi kwa mkono uleule wenye bendeji. Nilimwona akikunja uso kwa maumivu. Akanizaba tena, kwa mkono huohuo, na mimi mtu wa hasira za karibu sikuinua hata kidole. Kisha akaniambia nitoke. Picha alibaki nayo.