Miezi Sita ya Kupimwa kwa Mzee Odero

Zadock Odero aliendesha lifti kwa miaka ishirini na sita katika jumba la ghorofa sita karibu na Government Road. Alitoka Yala mwaka 1946, akapewa kofia na koti lenye vifungo vya shaba. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kufunga mlango wa vyuma, kuuliza, "Ghorofa gani, bwana?" na kuzungusha mkono wa mtambo. Uhuru ulipokuja, watu aliowapandisha walibadilika, lakini ghorofa zilibaki sita.

Mwezi wa Agosti 1972 ikaletwa lifti ya kubonyeza, ambayo mtu hujipandisha mwenyewe. Zadock akashukuriwa mbele ya makarani na kupewa barua. Ilisema kwamba Mfuko wa Uzeeni wa Wafanyakazi wa Majumba ungemlipa pensheni ya shilingi arobaini na tano kila mwezi, maisha yake yote. Alirudi nayo Kawangware, akamsomea mkewe, Peres Awiti.

"Kodi ya hii chumba ni ishirini," Peres akasema. "Soma tena, pengine umeruka laini."

Hakuwa ameruka. Hata hivyo hawakufa njaa. Peres alikaanga samaki, akawauzia mayaya na watunza bustani waliotoka Muthangari na Lavington saa za jioni. Zadock alilima mboga za sukuma kando ya kijito. Binti yao, Achola, aliyeolewa Kangemi, alikuja kila Jumapili na debe la unga. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama ile pensheni inatosha, kwa sababu hakuna aliyeitegemea.

Aliyekuja kuuliza ni mkurugenzi wa Mfuko wenyewe, Bwana Isaiah Mukhebi. Alikuwa amehudhuria semina ya wiki tatu ng'ambo, akarudi na swali moja lililomnyima raha: je, wastaafu wetu ni maskini? Wafadhili wa semina walimpa fedha za utafiti, naye akaamua kupima. Majina kumi na mawili yalitolewa kwenye kofia, zikapelekwa barua kumi na mbili. Tano zilirudi zimeandikwa "marehemu", sita hazikurudi kabisa. Barua moja tu ilijibiwa. Zadock aliandika, "Nimekubali," kwa maana maishani mwake hakuwahi kukataa alipoambiwa apande au ashuke. Tena barua iliahidi kwamba pensheni ikionekana haitoshi, itaongezwa.

Mpimaji aliwasili Jumatatu ya kwanza ya Julai 1974. Alikuwa kijana wa Mombasa aitwaye Munir Mohdhar, karani wa Mfuko, shati jeupe, daftari kubwa kwapani na mizani ya jikoni mkononi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Mzuri sana," akajibu Zadock, ambaye alikuwa hajazoea salamu hiyo. "Kaa hapa. Chai?"

Munir alikikodolea macho kwa majonzi kikombe alichosogezewa. "Samahani, mzee. Hiyo chai imenunuliwa kwa pesa gani?"

Hapo ndipo walipofahamu masharti. Kwa miezi sita Zadock angeishi kwa pensheni peke yake. Sukuma ya kijitoni isiingie mdomoni mwake, kwa kuwa pensheni haikuinunua. Unga wa Achola usivuke kizingiti. Samaki wa Peres ndio kabisa, wangevuruga kipimo. Kila siku Munir angepima unga, angehesabu vijiko vya sukari na kuandika. Na kila Ijumaa angempima mzee mwenyewe.

"Na mimi?" akauliza Peres. "Mimi ni pensheni ama ni mtu?"

Munir alipekua maagizo kurasa zote nne. Peres hakutajwa popote.

"Mama wewe haumo," akasema.

"Basi vizuri." Peres alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari katikati ya chumba, kutoka mlangoni hadi ukutani. Upande wa kulia ukawa wake, na jiko, sufuria, samaki na kitanda. Upande wa kushoto ukawa wa Zadock, na kiti, redio na pensheni. Munir aliweka kigoda chake juu ya mstari, akafungua daftari.

Baada ya kulipa kodi, pensheni ya Julai ilikwisha siku ya tisa. Munir aliandika: "Tarehe tisa, saa saba mchana, imekwisha." Akadhani kipimo nacho kimekwisha, akaenda ofisini River Road kutoa habari. Alirudi kichwa chini.

"Wamesema niendelee hadi Desemba, mzee. Utafiti ni wa miezi sita."

"Unapima nini sasa, na pesa imeisha?"

"Nimeuliza. Wamesema nipime kutokuwepo kwake."

Siku zilizofuata Zadock alikaa kwenye kiti chake akimtazama mkewe akila vidagaa vya omena hatua mbili kutoka alipo. Hakukasirika. Alikuwa amesaini, na saini kwake ilikuwa kama mlango wa lifti: ukishafungwa, unasubiri tu hadi ufike. Lakini usiku alijigeuza kitini akisikia tumbo likinguruma, na Peres, aliye mkali wa ulimi tu, alilia kitandani upande wa pili.

Wiki ya tatu Zadock alipata ujanja. Alianza kwenda kuamkia majirani. Mgeni hafukuzwi, na mgeni hupewa ugali. Munir alimfuata kila nyumba akiandika, "Amealikwa." Mwezi ulipoisha ikaja barua ya Mfuko, imepigwa chapa vizuri: chakula cha ugenini kilikuwa kimekadiriwa kuwa shilingi kumi na moja, nacho kingekatwa kwenye pensheni ya Agosti, ili hesabu ikae sawa.

Zadock aliisoma mara mbili. "Kijana, wewe wanakulipa ngapi kwa hii kazi?"

Munir aliona haya. "Mbali na mshahara, posho ya shilingi kumi na mbili."

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku, mzee."

Hata samaki kwenye karai walionekana kama wamesikia. Katika siku nne Munir alikuwa akipata zaidi ya pensheni nzima, kwa kazi ya kuangalia jinsi ilivyo ndogo.

Ijumaa hiyo walikwenda sokoni kupima uzito, kwenye mizani ya mwenye kinu. Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'iniza magunia, kwa hiyo Zadock alifungwa kamba ya katani chini ya makwapa na kutundikwa kwenye ndoano, koti lake la vifungo vya shaba likipanda masikioni. Watu waliacha biashara zao kutazama. Mama mmoja aliyeuza maharagwe aliuliza kama yule mzee anauzwa mzima au kwa ratili. Julai alikuwa kilo hamsini na nane. Sasa alikuwa hamsini na nne.

Munir alimshusha taratibu, akamfunga viatu kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu alikuja na mkebe wa mahamri na mbaazi kutoka hoteli moja ya Biashara Street, akauweka juu ya mstari.

"Hiki ni chakula changu cha mchana," akatangaza kwa sauti, kana kwamba kuna mtu anayesikiliza nje. "Nimeshiba. Ninatoka nikavute hewa. Sijui kitakachotokea nyuma yangu."

Alivuta hewa kila siku tangu hapo, mvua inyeshe isinyeshe. Mahamri yakafuatwa na wali, wali ukafuatwa na maini. Hakuna kilichoandikwa daftarini, kwa kuwa Munir hakuwa mwongo, na jambo ambalo hakuliona hakuweza kuliandika. Peres akawa anaongeza samaki wawili kwenye mkebe huo mtupu, "wa kijana kupeleka kwao", nao pia hawakufika kwao. Kufikia Desemba, Zadock alitundikwa kwenye ndoano akawa kilo sitini na moja.

Mkutano wa Mfuko ulifanyika katika ukumbi wa kukodi, siku tatu kabla ya Krismasi. Wajumbe walikuwa saba, na Zadock aliletwa kama ushahidi, akakalishwa kiti cha mbele. Mtaalamu wa hesabu alianza.

"Mfuko uko imara," akasema. "Utadumu miaka arobaini bila kutetereka, iwapo kila mstaafu ataishi miaka miwili na nusu baada ya kustaafu."

Wajumbe wote saba walimgeukia Zadock. Alikuwa amestaafu miaka miwili na miezi minne. Mmoja alimtabasamia kwa upole, kama mtu anayeaga.

Kisha Bwana Mukhebi akasoma matokeo. Mzee alianza na kilo hamsini na nane, akamaliza na sitini na moja. Kwa hiyo pensheni si kwamba ilitosha tu, ilizidi. Alipendekeza ipunguzwe kwa kiasi cha kilo tatu.

Munir alisimama, daftari mkononi. "Mheshimiwa, kilo hizo si za pensheni. Ni zangu. Nilimlisha mimi."

Vurugu ikazuka. Mjumbe mmoja alitaka kilo zirudishwe. Mwingine aliuliza posho ya Munir ilitoka wapi, akaambiwa ilitoka kwenye fedha za utafiti, naye akasema basi kilo tatu ni mali ya utafiti na mzee anazishikilia tu kwa niaba. Walibishana muda wa saa nzima. Zadock alisikia mwili wake ukigawanywa. Mwishowe akainua mkono, kama mtu anayetaka kushuka.

"Nyinyi watu wakubwa," akasema. "Mimi nimepandisha watu miaka ishirini na sita. Mtu akitaka ghorofa ya sita na mashine inafika ya pili, hatupimi huyo mtu. Tunaita fundi. Hii pesa inafika siku ya tisa. Mwezi iko na thelathini. Kwani kuna shida gani kuelewa?"

"Tunaelewa, mzee," akasema Bwana Mukhebi, na kwa kweli alikuwa na huruma usoni. "Lakini Mfuko hauna pesa za kuongeza pensheni. Zilizopo ni za utafiti, na hizo hairuhusiwi kumpa mstaafu. Tena zisipotumika kabla ya Juni, wafadhili watazichukua."

Munir alikuwa bado amesimama. Akasema polepole, akitunga kila neno, kwamba kipimo kile kilikuwa na kasoro na kirudiwe. Mpimaji hawezi kujua uhalisi wa chakula asipokula na anayepimwa, sufuria moja. Chakula hicho kingekuwa kifaa cha utafiti, kama daftari na kalamu, kinunuliwe kwa fedha za utafiti. Na kwa kuwa kipimo kingekuwa kinaendelea, pensheni isingeweza kuguswa.

Azimio lilipita kwa kura saba. Peres alipoambiwa alichukua kitambaa na maji, akapiga magoti na kuufuta ule mstari sakafuni, huku akitukana kwa Kijaluo, na Zadock akacheka hadi akashika ukuta.

Habari zikasambaa. Wastaafu waliokuwa hawajibu barua walianza kuandika wenyewe kuomba kupimwa. Mwaka 1976 Mfuko ulikuwa na wapimaji kumi na wanne, wakila katika nyumba kumi na nne kuanzia Kangemi hadi Pumwani, wote wakitoa risiti za samaki na unga kama vifaa. Wazee walinenepa. Mtaalamu wa hesabu alianza kuumwa kichwa.

Fedha za ng'ambo zilikauka mwaka 1978. Ripoti ya mwisho ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi, na pensheni ikaongezwa shilingi tatu. Wakati huo Peres alikuwa ameweka akiba ya faida ya samaki wa utafiti aliowauzia wapimaji, na Januari iliyofuata walihamia Yala, wakajenga nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Munir aliacha kazi ya Mfuko akafungua hoteli yake mwenyewe Eastleigh. Aliwasindikiza hadi stesheni ya gari moshi, akapakia karai na redio, akashika mkono wa mzee dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Zadock.