Jicho Moja la Avata

Dada yangu alipoenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, tulizoea kumwona kwenye simu kila Jumapili tukitoka kanisani. Mama aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akavuta kiti na kumkagua bintiye kama mtu anayechagua kuku sokoni Sigowet. Mbona umekonda? Nani amekusuka hivyo?

Jumapili moja, badala ya uso, ilikuja katuni.

"Ni avata, Mama," dada akasema. "Ni mimi, lakini simu ndiyo imenichora."

Avata ilikuwa na rasta ndefu, ngozi isiyo na doa na herini za manjano ambazo dada hakuwahi kuwa nazo. Akiongea, inachezesha mdomo. Akigeuka, inageuka. Mama alicheka hadi akajipangusa machozi. "Kumbe nilizaa mtu mrembo hivi!"

Jumapili iliyofuata ikaja tena avata. Mama hakujali, mradi sauti ilikuwa ya mwanawe. Mimi sikutulia. Nikichuma chai, vidole vilienda vyenyewe huku kichwa kikizunguka. Anaficha nini? Amepigwa? Nikamwandikia anitumie picha. Akatuma ya zamani, ile niliyompiga mwenyewe siku aliyoondoka.

Jumapili ya tatu nilipoitazama vizuri ile avata ndipo nikaona. Ilikuwa inapepesa jicho moja tu. La kushoto lilibaki wazi. Ikicheka, mdomo ulipanda upande mmoja. Nikalaumu mtandao, maana mvua ikinyesha kwetu simu hukwamakwama. Lakini mtandao haungechagua jicho lile lile kila mara.

Kesho yake niliacha majani kwenye kituo cha kununulia chai, nikaenda zahanati.

"Mgonjwa ako wapi?" daktari akauliza.

"Uarabuni."

"Umemwona?"

"Nimeona katuni yake."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniambia nimwigize. Nikacheka kwa nusu ya uso, watu wa foleni wakinichungulia mlangoni. Akasema huenda ni mshipa wa fahamu wa uso. Si uchawi, na mara nyingi hupona, ila dawa inafaa ianzwe mapema. Hilo neno mapema lilinitoa nje mbio. Nikampigia dada papo hapo, nikiwa uani pa zahanati.

Avata ikaja ikitabasamu.

"Toa hiyo kitu," nikamwambia.

"Mtandao ni mbaya, sister."

"Toa. Jicho lako la kushoto halifungi."

Avata ikaendelea kunikodolea macho, nzuri vile vile, kama haijasikia. Kisha ikatoweka, na dada yangu akawa pale. Shavu limelegea. Chozi linateremka ingawa halii. Amekinga kidevu kwa leso.

"Niliamka tu hivi," akasema. Maneno yalimtoka yakiwa yamelowa. "Hapa navaa barakoa, nawaambia ni homa. Wakijua watanirudisha. Na Mama na hiyo presha yake?"

"Mwambie mwajiri wako leo. Leo, umesikia?"

Alimwambia. Kumbe mwajiri wake alikuwa ameshashuku, na jioni hiyo alimpeleka hospitali. Mimi nilibaki na kazi ya kumwambia Mama, nikaanza na kurudia mara kadhaa kabla sijaimaliza.

Jumapili dada alitokea na uso wake. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Geuka upande ule."

Akageuka.

"Unakula aje?"

"Natafuna na upande mmoja, Mama."

"Basi tafuna polepole."

Akainuka, akaingia jikoni. Nikamsikia akisugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Uso ulirudi taratibu, ingawa dada akichoka lile jicho bado husinyaa. Mama anataka arudi nyumbani, na kila Jumapili anamwambia. Juzi dada aliniambia mimi kwanza kwamba ameongeza mkataba. Alisema akitazama kando, uso wazi, bila katuni yoyote, na bado sikuweza kujua kama anafurahi.